Siku ya Walimu wa Kuazima

Wanafunzi walimwita Bi Funguo, na aliyetaka kujua sababu hakuwa na haja ya kuuliza, kwa kuwa mama huyo alisikika kabla hajaonekana. Funguo za vyumba vyote vya tawi alizifunga kiunoni kwa kamba ya kiatu, na kila asubuhi alipita mlango kwa mlango akifungua. Vyumba vilikuwa saba, na vyenye kazi vilikuwa viwili. Vile vingine alivifungua vipate hewa, ndivyo alivyosema, naye ndiye aliyekuwa mkuu wa tawi, nani angembishia? Tuseme kweli: alivifungua kwa sababu jengo lenye milango iliyofungwa lilimtia huzuni, na huzuni alikuwa nayo ya kumtosha.

Tawi lenyewe lilikuwa jengo moja refu la bati, uwanja wa changarawe, kibao kilichopaushwa na jua, na vijana wachache waliokuja kusomea cheti cha biashara au cha kompyuta. Chuo mama, kule makao makuu, kilikuwa na maghorofa na bustani na walinzi wa kupokezana. Bodi ya Uongozi ya chuo hicho ilipenda matawi kuliko mtoto anavyopenda sukari. Kila mwaka ilitangaza kwamba chuo kinakua, na kweli kilikuwa kinakua, tawi jipya huku, tawi jipya kule, walimu wakiwa ni wale wale. Bi Funguo alipopelekwa pale alikuwa mjane mwenye binti mmoja, naye binti keshaolewa mbali. Aliambiwa atangulie tu, walimu watafuata. Akatangulia. Miaka ikapita, na bado alikuwa anatangulia.

Aliyemfuata alikuwa mmoja, mwalimu wa kompyuta, mwanamume mwembamba wa makamo ambaye hakukosa kuwa na nyaya mbili tatu shingoni. Wanafunzi, ambao ulimi wao haujui likizo, walimwita Waya. Meza yake ilikuwa dirishani, ikitazamana na ya mkuu wake. Alikuwa mtu mwema, lakini alikuwa na tabia zake. Chai aliifyonza kwa mlio kama bomba linalovuta hewa. Redio yake ndogo aliiwasha anapoingia na kuizima anapotoka, mpira, habari, matangazo ya mbolea, kila kitu. Kioo cha dirisha kilipokuwa kikigongagonga kwa upepo, alikata kipande cha boksi akakichomeka pembeni, na boksi lile lilimkera Bi Funguo kila alipolitazama.

"Zima hilo dude lako," alikuwa akimwambia.

"Nalipunguza, mama," Waya alikuwa akijibu, na sauti ya redio haikupungua hata kidogo.

Ndivyo walivyoishi. Ukimuuliza Bi Funguo kama ana mwenzake kazini, angekuambia yuko peke yake. Hakumhesabu Waya, kama mtu asivyoihesabu miguu ya meza anayolia chakula.

Aliyemhesabu alikuwa Somo. Huyu alikuwa mwalimu wa sheria wa tawi jingine, mbali, mwendo wa saa tatu kwa basi. Walikuwa na jina moja, kwa hiyo tangu siku ya kwanza waliitana somo, wakacheka, wakapendana. Shida ni kwamba Somo alikuja mara moja tu kwa mwaka, tena hakuja kwa hiari. Aliletwa. Na hapa lazima nieleze utaratibu wa Bodi, maana bila huo mtu ataona nawazulia watu uongo.

Bodi ilikuwa na Kamati ya Watumishi na Upanuzi, na kamati ililipatia kila tawi mjumbe mmoja wa kulilea. Mjumbe mlezi alikuja mara moja kwa mwaka kuangalia kama walimu wanatosha na kama tawi linakua. Mlezi wa tawi la Bi Funguo alikuwa mama mstaafu aliyekuwa mkuu wa wauguzi wa hospitali kubwa, na hata kwenye Bodi walimwita Matroni. Matroni hakuamini karatasi. "Wodini nilikuwa siulizi wagonjwa wangapi," alikuwa akisema. "Nilikuwa nakwenda kitanda kwa kitanda." Kwa hiyo tawini alikwenda kiti kwa kiti, akimshika kila mwalimu mkono na kumtazama usoni, na sura aliyoishika haikumtoka tena.

Sasa, ukimwambia mtu kwamba unachotaka ni kuona nyuso, utaletewa nyuso. Gari la kuwachukua wajumbe lilikuwa moja, hivyo matawi yalikaguliwa kwa siku tofauti. Mkurugenzi wa matawi, bwana mmoja wa makao makuu mwenye maneno laini na tai isiyovuliwa, aliliona hilo mapema. Kama wakaguzi hawaendi kote siku moja, walimu wana haja gani ya kukaa mahali pamoja? Basi dogo la chuo likawa linakusanya walimu huku na huku, linawamwaga panapokaguliwa, na jioni linawarudisha. "Funika kombe mwanaharamu apite," Mkurugenzi alisema, na kombe likafunikwa mwaka baada ya mwaka.

Wanafunzi waliipenda siku hiyo. Walisema walimu wameota kama uyoga. Darasa la biashara lilipata kipindi cha sheria, cha kwanza na cha mwisho kwa mwaka, na Somo alikianza palepale alipokianza mwaka uliotangulia.

"Sheria ni nini?" aliuliza mara moja, chaki mkononi.

"Mwalimu, hapo tulipita mwaka jana," kijana wa nyuma alijibu. "Tulikwama kwenye 'sheria ni'."

Lakini hakuna aliyeipenda kama Bi Funguo. Mwaka mzima alifuta vumbi kwenye meza ambazo hazikuwa na mtu. Kabatini aliweka kikombe cha buluu, kimemeguka kidogo ukingoni, nacho kilikuwa cha Somo. Waya alipokinywea chai siku moja, alikaripiwa kama mtoto.

"Hicho ni cha Somo."

"Somo mwenyewe anakuja mara moja kwa mwaka, mama."

"Ndiyo maana."

Basi dogo lilipoingia uwanjani mwaka ule ninaousimulia, Bi Funguo alikuwa keshapanga vikombe na mkate wa kukata mezani, na roho ilikuwa inampanda na kushuka kama ya binti anayengoja kuposwa. Somo aliteremka wa kwanza.

"Somo, umekonda."

"Sijakonda. Gauni ndilo limenenepa."

Wakakumbatiana pale pale changaraweni. Chumba cha walimu kikajaa. Viti vilivutwa, mtu akaomba sukari, mwalimu wa takwimu akalalamika mgongo, na kwa saa chache palikuwa na chuo. Bi Funguo alimwaga chai huku akicheka hata mambo yasiyochekesha. Waya alikaa dirishani pake akifyonza. Hakuna aliyemsemesha, na Bi Funguo hakuliona hilo.

Matroni alifika, akazunguka, akashika mikono, akatazama nyuso. Kisha akawakusanya wote. Alikuwa amefurahi, na furaha ya mkubwa wakati mwingine ni mbaya kuliko hasira yake.

"Tawi hili limeshiba watu," alisema. "Niseme ukweli, nimependa. Sasa Bodi inafungua tawi jipya, na kule hakuna hata wa kufungua mlango. Nitapendekeza tuchukue mmoja hapa."

 Walimu wa kuazima waliinamisha vichwa, kila mmoja akiomba jambo hilo lisimwangukie yeye, maana mtu atahamishwaje kutoka mahali asipofanya kazi? Mkurugenzi alitabasamu kwa midomo mikavu. Macho ya Matroni yalipita kiti kwa kiti, yakaishia dirishani.

"Tawi jipya lina kompyuta na halina mwalimu. Tumchukue huyu wa kompyuta. Mkuu, una kipingamizi?"

Hapo ndipo mambo yote yalipokuwa. Alikuwa na walimu saba chumbani, na wa kweli kati yao alikuwa mmoja, naye ndiye aliyekuwa anachukuliwa. Ilihitajika sentensi moja tu. Bi Funguo alimtazama Mkurugenzi, akakuta macho ya kumsihi. Alimtazama Somo, aliyekuwa ameshika kikombe cha buluu kwa mikono miwili. Akasema moyoni: nikifungua mdomo, lile basi dogo halitakuja tena. Tawi watalifunga, au hawatalifunga, lakini basi halitakuja.

"Sina," alisema.

Waya alimtazama. Hakukasirika, na ingekuwa heri angekasirika. Alimtazama kama mtu anayesoma tangazo mara mbili kuhakikisha amelielewa, kisha akageukia dirisha.

Siku ya kuondoka alifungasha nyaya zake kwenye mfuko, akaja kuaga. Redio aliiacha mezani.

"Redio yako," Bi Funguo alimkumbusha.

"Nakuachia, mama. Sasa utaizima mwenyewe."

Akatoka. Bi Funguo alisikia changarawe ikilia chini ya viatu vyake mpaka barabarani, na kwa mara ya kwanza ofisini pakawa na utulivu aliokuwa akiudai kwa miaka mingi. Aliufurahia mpaka mchana.

Wahenga walisema upweke ni uvundo, na wahenga hawa walikuwa wanajua. Bi Funguo aliunganisha madarasa, akafundisha biashara asubuhi na kompyuta jioni, akisoma maelezo ya Waya kwa sauti huku akiogopa kugusa mashine zenyewe. Mashine mbili zilikufa, na hakukuwa na wa kuzifufua. Wanafunzi wengine waliacha kuja. Lakini kazi haikuwa ndiyo iliyomtesa, kazi alikuwa ameizoea. Lililomtesa lilikuwa dogo mno hata aliona haya kulisema: hakukuwa na mtu wa kumwambia "umeamkaje, mama?" Waya alikuwa akilisema kila siku ya Mungu, akiwa bado mlangoni, na kila siku yeye alijibu bila kuinua kichwa. Asubuhi moja aliingia ofisini akasema "habari za asubuhi" kwa viti, kisha akasimama, akajisikiliza, akaona aibu kana kwamba kuna aliyemsikia.

Ndipo alipoiwasha redio. Mwanzo aliiwasha kidogo, kama anayeazima. Baadaye aliihamishia mezani kwake, ikawa inasema kutwa. Alijua sasa timu zipi zinashinda na zipi makocha wao wametimuliwa, mambo ambayo hayakumhusu ndewe wala sikio. Boksi la dirishani lilianguka, na kioo kikarudia kugongagonga. Hakulirudisha. Kugonga kule angalau kulikuwa sauti.

Binti yake alimpigia siku moja akamuuliza, "Mama, huko uko na nani siku hizi?"

"Niko na watu, mwanangu. Husikii wanavyoongea?"

Mwaka ukazunguka, ukaguzi ukafika. Safari hii mambo ya Mkurugenzi yalienda mrama tangu alfajiri. Mwalimu wa takwimu alilazwa kwa ule mgongo wake, kiti kimoja kikawa kitupu, na Mkurugenzi alitaka idadi ileile aliyoiacha Matroni. Alipiga simu tawi jipya akaagiza wamtume yeyote aliyeko. Kule, yeyote aliyekuwako alikuwa mmoja. Hakuna aliyekumbuka ni nani, wala kwamba alitolewa wapi, wala kwamba Matroni ndiye aliyemtoa kwa mkono wake. Makao makuu walihesabu viti. Watu waliokaa juu yake hawakuwajua.

Bi Funguo alikuwa amekumbatiana na Somo, bado wanachekeana, alipoona mtu wa mwisho akiteremka kwenye basi akiwa na nyaya shingoni. 

"Umeamkaje, mama?" Waya alisema.

"Nimeamka," alijibu.

Mkurugenzi alikuwa ameshika orodha yake, jasho linamtoka, anapanga watu bila kuwatazama. "Wewe kaa pale dirishani," alimwambia Waya. "Ukiulizwa, wewe ni mwalimu wa kompyuta wa tawi hili."

"Nitajitahidi kukumbuka," Waya alisema.

Akaenda akakaa kwenye kiti chake mwenyewe, kwa adabu, pembeni pembeni, kama mgeni. Kioo kiligonga. Alikitazama, akainama, akaokota lile boksi lililokuwa bado chini ya meza, akalikunja akalichomeka mahali pake. Pakatulia. Halafu macho yake yalizunguka yakaikuta redio juu ya meza ya mkuu wake, akaitazama kidogo. Bi Funguo alijishughulisha na sukari. Nusu ya sukari ikaingia sahanini.

Matroni aliingia, akaanza mzunguko wake. Mkono kwa mkono, uso kwa uso. Alimshika Somo, akamuuliza hali ya koo lake, kwa sababu mwaka jana alikuwa na mafua. Alifika dirishani, akaushika mkono wa Waya, na hakuuachia.

"Wewe nakujua."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nilikuhamisha."

Mkurugenzi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Alirudi, mheshimiwa," alisema haraka. "Ni mambo ya kiutawala tu, tulirekebisha."

Matroni hakumgeukia. "Sijakuuliza wewe. Mkuu, huyu alirudi?"

Somo alikuwa akimtazama Bi Funguo juu ya ukingo wa kikombe cha buluu. "Ndiyo" moja tu, na jioni wangeagana kwa vicheko, na mwakani wangekutana tena. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini alimtazama Waya, na Waya hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa anatazama boksi lake dirishani, kama mtu aliyekwisha kujibiwa ndani ya chumba hiki na hana tena anachongojea. 

"Hakurudi," alisema. "Ameazimwa. Wote hawa wameazimwa, mheshimiwa. Wamekuja na basi asubuhi, na jioni litawarudisha."

"Tawi hili lina walimu wangapi?"

"Mimi."

Kijiko kilianguka mahali fulani, na hakuna aliyekiokota.  Matroni alivuta kiti akakaa, taratibu, kama walivyo watu wenye magoti ya uzee.

"Mwaka jana nilikuuliza kama una kipingamizi," alisema. "Ukaniambia huna. Nikakuchukulia mtu wako wa pekee, na wewe unanitazama. Kwa nini?"

Bi Funguo alikuwa na majibu mengi aliyoyapanga mwaka mzima: kwamba ni amri kutoka juu, kwamba yeye ni mtumishi tu, kwamba aliogopa tawi litafungwa na wanafunzi watatawanyika. Yote yalikuwa ya kweli. Hata moja halikuja.

"Ningesema, wasingekuja tena."

"Nani?"

"Hawa. Mheshimiwa, hii ndiyo siku pekee ninayokunywa chai na watu."

Alipokwisha kulisema hilo alitamani ardhi ipasuke. Mtu mzima, mkuu wa tawi, mwenye funguo kiunoni. Matroni alimtazama usoni kwa muda mrefu, kama alivyokuwa akiwatazama wagonjwa bila shaka, akitafuta panapouma. Hakuandika chochote.

"Basi mimina hiyo chai," alisema. "Isije ikapoa."

Wakanywa.  Aliyesikika ni Waya peke yake, akifyonza.

Matroni aliondoka na Mkurugenzi nyuma yake akieleza na kueleza. Basi lilianza kunguruma kabla ya wakati wake. Bi Funguo alimfuata Somo mpaka mlangoni mwa basi, akamshika mkono, na Somo akautoa.

"Umetuvua nguo, somo."

"Cha kuazima hakisitiri matako. Tungejificha mpaka lini?"

"Unadhani nazungumzia matako?" Somo alisema, na sauti yake ilikuwa imekauka. "Unadhani ni wewe peke yako unayeosha vikombe? Mkuu wetu anaishi makao makuu. Anakuja tawini siku ya ukaguzi, kama mimi ninavyokuja hapa. Mwalimu mwingine alishaacha kazi. Nakaa na mlinzi na paka. Nami mwaka mzima nilikuwa naingoja siku hii, somo. Hukuwahi hata kuniuliza."

Akapanda, akakaa upande wa pili, usiotazamana na jengo. Bi Funguo alibaki amesimama. Ilikuwa kweli tupu. Miaka yote ile alimpakulia Somo habari zake, upweke wake, redio, bati linalovuja, na Somo alikuwa akisikiliza na kumchekesha. Hakuwahi kumuuliza kwake kukoje.

Waya alichungulia dirishani basi likianza kuondoka. "Hilo boksi usilitoe, mama."

"Silitoi. Na redio yako?"

"Ibaki. Naona imehama meza."

Basi likatoka, likageuka barabarani, vumbi likatua. Bi Funguo aliingia ndani akaosha vikombe.

Bodi ilikaa. Walisema mambo yalikuwa makali kule, na kwamba Matroni alipiga meza mara moja tu lakini ilitosha. Mkurugenzi akapewa kazi nyingine, kama wakurugenzi wanavyopewa. Kuazimana walimu kukapigwa marufuku. Kufungua matawi mapya kukasimamishwa mpaka yaliyopo yapate watu. Matroni mwenyewe ndiye aliyempigia Bi Funguo simu.

"Tawi lako limeidhinishiwa mwalimu mmoja."

"Atakuja lini?"

"Anatafutwa."

Bi Funguo alilijua hilo neno, alikuwa amezeeka nalo. "Mheshimiwa," alisema, "nirudishieni yule wa dirishani."

"Niliuliza. Kule yuko peke yake, na wanafunzi wameanza kujaa. Nikimtoa, nafunga. Unataka nimtoe?"

Kwa mara ya pili aliulizwa juu ya mtu yule yule. Alikitazama kiti kilichokuwa tupu na boksi lililobana kioo. Alitaka kusema ndiyo, alitaka kwa moyo wote.

"Mwacheni," alisema.

Kesho yake alifungua vyumba viwili tu, vile vyenye kazi. Vile vitano aliviacha na kufuli zake, na ilipofika saa ya chai alikuwa na muda ambao hakuuzoea. Alitoa kikombe cha buluu kabatini, akakitazama, akamiminia chai yake humo. Kisha akachukua simu. Katika miaka yote hiyo yeye na Somo walipigiana siku moja tu, ile ya kabla ya ukaguzi, kuambiana basi litafika saa ngapi.

Simu iliita sana, mpaka akadhani haitapokelewa.

"Kesho kuna ukaguzi?" Somo aliuliza, bila salamu.

"Hakuna."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Sasa kuna nini?"

"Hakuna kitu, somo. Nimepiga nikuulize umeamkaje."

 Bi Funguo alizima redio ili asikie vizuri. Akasikia kiti kikiburuzwa kwenye sakafu ya saruji, kile kishindo chenye mwangwi kinachotoka kwenye chumba kikubwa kisicho na watu, na alikijua kishindo hicho kuliko mtu yeyote.

"Ngoja nikae," Somo alisema.